Wenye msiba ndio waanuao matanga

Msiba ukiingia nyumbani, swali gumu haliji siku ya mazishi. Siku hiyo watu wamejaa na kila mmoja ana kazi ya kufanya. Swali huja wageni wakishaondoka: duka la marehemu lifunguliwe au libaki limefungwa? Nani akalie kiti chake? Na nani mwenye haki ya kusema sasa kikaliwe?

Mwaka 1980 swali hilo liliwakuta Malcolm na Angus Young, ndugu waliozaliwa Glasgow, Scotland, kisha familia yao ikahamia Sydney, Australia, mwaka 1963. Huko walianzisha AC/DC, bendi ya roki nzito yenye magitaa yanayonguruma. Jina la bendi lilitoka kwa dada yao Margaret, aliyeliona kwenye cherehani. Mwimbaji wao alikuwa Bon Scott, naye mzaliwa wa Scotland aliyekulia Australia. Februari 19, 1980, alifariki dunia jijini London baada ya usiku wa pombe. Alikuwa na miaka 33.

Albamu mpya ilikuwa imeshaanza kutungwa. Siku chache tu kabla ya kifo chake, Bon alipita mazoezini, akaketi kwenye ngoma na kuwapigia wenzake wakati wakijaribu nyimbo mpya.

Baada ya msiba, ndugu hao walifikiria kuivunja bendi. Waliona kama ni kumsaliti rafiki kabla udongo haujakauka. Lakini kwenye mazishi huko Australia, wazazi wa Bon waliwaambia waendelee. Baba mtu alimwambia Malcolm watafute mwimbaji mwingine.

Neno hilo halikutoka kwa meneja wala kampuni ya rekodi, ambao wangeonekana wanatafuta fedha tu. Lilitoka kwa waliofiwa na mtoto, na kama wangesema hapana, nani angewalaumu?

Aliyepatikana ni Brian Johnson, kutoka kaskazini mashariki mwa Uingereza. Bon mwenyewe aliwahi kumwona jukwaani miaka ya nyuma na kumsifu mbele ya wenzake. Aprili wakaenda Nassau, Bahamas, kurekodi katika studio za Compass Point, chini ya mtayarishaji Robert John "Mutt" Lange. Dhoruba zilivuma, umeme ukasumbua. Johnson, mgeni kabisa kati yao, alipewa kazi ya kuandika maneno ya nyimbo ambazo mwenzake hakuwahi kuziimba.

Albamu hiyo, *Back in Black*, ilitoka Julai 25, 1980. Jalada lake ni jeusi, ishara ya maombolezo. Kampuni ya rekodi ilitaka jina la bendi liwekewe mstari wa kijivu ili angalau lisomeke. Wimbo wa kwanza unaanza kwa kengele inayogongwa polepole, kama ya kanisani siku ya maziko. Ilitengenezwa Loughborough, Uingereza, ikiwa na uzito wa karibu tani moja. Kisha magitaa yanaingia, na baada ya hapo ni shangwe, kwa sababu Bon alikuwa mtu wa utani na hawakutaka kumkumbuka kwa kilio.

Albamu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 25 Marekani peke yake. Hata hivyo, kwa ukurasa huu wa familia, hesabu kubwa ni nyingine. Mwaka 2014 Malcolm aliacha muziki kwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na gitaa lake likachukuliwa na Stevie, mtoto wa kaka yake. Malcolm alifariki Novemba 2017. Miaka mitatu baadaye Angus alitoa albamu *Power Up* kwa heshima yake, akitumia miziki waliyoitunga pamoja. Safari hii mwenye msiba alikuwa yeye mwenyewe.

Katika nyumba nyingi hakuna anayekataza duka la marehemu lisifunguliwe. Watu hunyamaza tu, na mjane au kijana anayetaka kuanza tena hubaki akiogopa macho ya wakwe na majirani. Mkeka wa matanga hauanuliwi na wageni. Mzazi anapokuwa wa kwanza kusema "endeleeni", hajamsahau mwanawe. Amewapa waliobaki ruhusa ambayo hakuna mwingine angeweza kuwapa.