Kabla Hujamleta Kobe Wako Kirungu

Kirungu, mwezi wa sita

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa jirani aliyeshuka na mashua kutoka Kalemie. Huku tu wazima, ila baridi imekwisha kuingia. Unauliza kama uje na kobe wako likizo, na kama ni kweli, alivyokuambia binamu yako aliye Ubelgiji, kwamba kobe huwekwa kwenye friji alale mpaka baridi ipite. Nakujibu haraka kabla hujafunga mizigo: friji, hapana kabisa.

Binamu yako hakukudanganya. Kobe wanaofugwa sana kule asili yao ni nchi za Mediterania. Kwao, majira ya baridi hujifukia ardhini wakalala miezi kadhaa, na wafugaji wengine huwaweka kwenye nyuzi 5 hivi ili usingizi wao usikatike. Wako si wa ukoo huo. Unasema gamba lake hujikunja nyuma, juu ya miguu, akajifungia ndani. Basi huyo ni kobe mwenye bawaba. Aina mojawapo ya hao imepewa jina la Speke, Mwingereza aliyefika kwenye ziwa letu pamoja na Burton mwaka 1858. Kobe mchanga hana bawaba hiyo. Huijenga kadiri anavyokua, ndiyo maana hukuiona alipokuwa mdogo.

Kobe wetu hajui theluji. Anachojua ni kiangazi: majani yakikauka, uyoga na jongoo anaowapenda wakiadimika, huingia kwenye shimo au chini ya gogo akatulia kungoja mvua. Ukimtia kwenye ubaridi wa friji, utamuua kwa ugonjwa wa mapafu.

Sasa shika neno hili kuliko yote: mwezi wa saba akikataa kula, usimlazimishe. Mwili wa kobe hautengenezi joto lake kama wetu. Huliokota juani, na ni joto hilo linalosaga chakula tumboni. Ukimshindilia papai asubuhi ya baridi, litakaa humo na kuoza. Mwache kwanza aote jua mpaka gamba lake liwe na joto ukiligusa, halafu mwekee majani mabichi kidogo, lengalenga au matembele. Akila, vizuri. Asipokula, yaondoe. Bukari usimpe, wala sombe mbichi, ambayo ina sumu.

Maji ndiyo usimnyime, maana kobe aliyetulia hufa kwa kukauka kabla hajafa kwa njaa. Kila baada ya siku chache, jua likiwa kali, mweke kwenye beseni lenye maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake. Muda wa robo saa unatosha. Utamwona ananyosha shingo, anazamisha mdomo, koo linapanda na kushuka taratibu. Kisha mkaushe vizuri kabla jua halijapungua. Nawe unawe mikono kwa sabuni, kwa sababu kobe mzima kabisa anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Usiku ndio unaonitia wasiwasi. Ninyi mko ufukweni, na ziwa liko mita 770 hivi tu juu ya bahari. Huku juu tumepakana na Marungu, ambayo vilele vyake hupita mita 2,000, na upepo wa kusini-mashariki hauna simile. Kobe wako atalala ndani, kwenye katoni yenye majani makavu mengi, mbali na mlango. Lakini asikae karibu na mbabula! Wala wewe usilale chumba kimoja na makaa yanayowaka, mwanangu. Hewa yake huua watu usingizini.

Kutulia si ugonjwa. Ila ukiona mapovu puani, macho yamevimba, au ananyosha shingo na kufungua mdomo ili apumue, usingoje: mpashe joto na umpeleke kwa daktari wa mifugo. Mpime kila juma kwa mizani ile ile ya sokoni na uandike. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, hapo pana jambo.

Kuna mtu atakushauri umtoboe gamba umfunge kamba asipotee. Kataa. Gamba ni mfupa hai ulioungana na mbavu na uti wa mgongo. Ukilitoboa umemtoboa yeye. Tutamjengea ua wa matofali. Kumwachia porini miezi hii pia sitaki, kwa kuwa watu wanachoma majani, na kobe hana mbio za kuukimbia moto.

Yule kobe wa maji wa kaka yako, anayekunja shingo yake ubavuni, abaki Kalemie. Bawaba yake iko kifuani, si mgongoni, na haya niliyokuandikia mengi hayamhusu: yeye hulia chakula majini, lazima awe na maji yake.

Njiani mweke kwenye kikapu chenye majani makavu, ukifunike kwa kitenge, usimlishe siku ya safari. Ukifika Moba bandarini mchana, mtoe kidogo juani kabla ya kupanda huku. Na unitumie uzito wake wa leo, nianze kuandika.

Nisalimie sana dada yangu.

Mjomba wako