Betri Hizi Hazianikwi Juani

Ndugu msomaji, leo naomba nikueleze kosa langu mwenyewe, maana huenda nawe uko mbioni kulitenda.

Mwaka jana nilikwenda Dimani, wilayani Kibiti, kumsalimu shangazi yangu. Mtu wa mjini haendi kwao mikono mitupu. Pamoja na sukari, sabuni na doti moja ya kanga, nilimchukulia taa ya sola: paneli ndogo, waya wa mita kadhaa, na taa yenyewe yenye betri ya lithiamu ndani, ambayo huweza pia kuchaji simu. Nyumba ya shangazi haijaingia umeme. Alifurahi sana, akaniombea dua na kusema kwamba sasa wajukuu wamepona moshi wa koroboi. Nikarudi Dar es Salaam nikijiona nimetimiza wajibu.

Baada ya miezi minne nilikwenda tena. Tulipokwisha kuamkiana niliuliza habari za taa. Shangazi akanionyesha juu ya bati. Taa yote, pamoja na betri yake, ilikuwa imelala juani kando ya paneli tangu asubuhi. Nilipoiteremsha iliniunguza kiganja. Tumbo lake lilikuwa limevimba hata plastiki imeachana kwenye maungio. Nilipouliza usiku huwekwa wapi, nikajibiwa kwamba wajukuu watatu hulala nayo ndani ya chandarua, juu ya godoro la sponji, huku simu ikichajiwa kutoka humo.

"Shangazi, nani aliyekufundisha kuianika?" nilimwuliza.

"Afundishe nani, mwanangu? Mawe ya redio yakichoka si huanikwa? Hata baba yako alikuwa akiyaanika."

Nilinyamaza, kwa sababu alisema kweli. Nami nilipokuwa mtoto nilipanga mawe ya redio juu ya kizingiti cha dirisha ili jioni tusikie taarifa ya habari. Mawe yale yakipata joto huamka kidogo. Shangazi alitumia elimu aliyoipata kwa miaka mingi; mimi ndiye niliyemletea kitu kigeni bila maelezo yake.

Betri ya lithiamu ni kitu cha namna nyingine. Ilianza kuuzwa mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu walioiendeleza walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Ndani yake mna pande mbili zilizotengwa na utando mwembamba mno, na katikati yake mna majimaji yanayoshika moto. Joto huyaharibu majimaji hayo na kuzaa gesi. Ndiyo maana betri huvimba. Utando ukitoboka, pande hizo hugusana, joto hupanda ghafla, na moto hulipuka kwa muda mfupi sana. Kwa kawaida betri hizi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45 za Selsiasi. Bati la mchana wa pwani hupita kiasi hicho kwa urahisi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, paneli ndiyo ianikwe, na betri ibaki kivulini; waya umewekwa kwa kazi hiyo. Ikiwa taa na paneli vimeungana kitu kimoja, fuata karatasi ya maelezo, na ukiona imekuwa moto mkononi, iondoe juani ipoe kwanza. Simu nayo usiichaji juu ya kitanda, chini ya mto wala ndani ya chandarua. Iweke juu ya sakafu ya saruji au sahani ya bati, mahali penye hewa, pasipo nguo wala makuti karibu, na ichaji ukiwa macho. Tumia chaja iliyokusudiwa kifaa hicho.

Kuhusu kudumu kwa betri, tunaendelea kushika mafundisho ya betri za zamani. Wengine hungoja simu izime kabisa ndipo waichaji. Lithiamu haipendi kukaushwa, wala haipendi kukaa imejaa pomoni mchana kutwa. Huishi zaidi ikichajiwa kidogo kidogo, ikabaki kati ya asilimia 20 na 80 kila inapowezekana. Kifaa usichokitumia kwa miezi kadhaa kiweke kikiwa na nusu ya chaji, mahali pa baridi na pakavu. Iwapo mafuriko yataingia ndani, kama yale yaliyowapata wananchi wa Rufiji na Kibiti mwaka 2024, kifaa kilichozama kisichajiwe tena hata kikionekana kimekauka, maana maji huacha uharibifu usioonekana kwa macho.

Betri iliyovimba haina dawa. Usiitoboe, usiibane irudi, usiitupe motoni wala chooni. Ikishika moto, watoeni watu kwanza, kwani moshi wake ni sumu. Kama moto bado ni mdogo na kifaa hakikuunganishwa na umeme wa ukutani, mwagieni maji mengi mkiwa mbali, mkaendelee kumwaga, kwa kuwa joto lililobaki ndani huweza kuuwasha upya.

Siku ile niliitia taa ndani ya debe bovu lenye mchanga mkavu, nikaliweka uwanjani mbali na nyumba na mbali na watoto. Baadaye tuliipeleka kwa fundi anayepokea betri mbovu. Nilimletea shangazi taa nyingine, na safari hii nilikaa naye barazani hadi yeye mwenyewe alipoupitisha waya chini ya upenu, paneli ikabaki nje na taa ikaning'inia ndani, kivulini. Wajukuu walisimama wakitazama. Mkubwa wao, mwenye umri wa miaka tisa, aliniambia kwamba usiku ataiweka sakafuni.

Wiki hii huenda nawe unamfungia mzazi wako kijijini simu au taa. Kabla hujaikabidhi kwa dereva wa basi, mpigie yule atakayeipokea, umweleze kivuli kiko wapi na usiku ilale wapi. Mimi nilipona kulia kwa sababu nilirudi mapema.