X-Trail ya mjomba na giaboksi ya laki moja

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta mambo ya Linux na hifadhidata. Leo nivumilieni, maana nataka kuzungumza juu ya gari kuukuu.

Mjomba wangu anaishi Tuwan, hapa Kitale, na ana Nissan X-Trail ya mwaka 2008, lile toleo la T31. Kwa kanuni zetu gari la mtumba haliingii Kenya likiwa limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Piga hesabu mwenyewe: miaka michache ya lami ya Japani, kisha zaidi ya 10 ya matuta, mashimo na matope ya kwetu. Mjomba hupeleka viatu vya mitumba soko la Chwele, kaunti ya Bungoma, na kurudi na ndizi. Kwenda hakuna shida. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo kurudi ni kupanda, tena na mzigo, na hapo ndipo gari lilipokuwa likiishiwa nguvu. Unakanyaga mafuta, injini inakataa kupanda. Ukilipumzisha nusu saa, linaendelea kama kwamba hakuna lililotokea.

Gereji moja mjini ikamwambia giaboksi imekufa. Nyingine iliyotumika Japani, pamoja na kazi, Sh110,000. Mjomba ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo karo ya binti yake. Akanipigia simu: "Mpwa, wewe ulisomea kompyuta. Nimuuze ng'ombe au nisimuuze?"

Mimi si fundi wa magari. Lakini kitu kilichovunjika hakijiponi kwa kupumzika, na kubadilisha giaboksi nzima bila kupima chochote ni sawa na wale wanaoweka Windows upya kila printa inapokataa kuchapisha.

Giaboksi ya gari hili ni ya CVT. Haina gia za meno za kupanda hatua kwa hatua. Ina puli mbili zinazojipanua na kujibana, na mkanda wa chuma katikati. Kinachobana mkanda usiteleze ni shinikizo la oili, ndiyo maana oili yake ni maalumu: T31 inataka NS-2, si oili yoyote nyekundu iliyo dukani. Oili hiyo hupozwa kwa msaada wa maji ya redieta. Ikipata joto kupita kiasi, kompyuta ya giaboksi hupunguza nguvu kwa makusudi ili isiungue.

Nilichomeka skana yangu ndogo ya ELM327 chini ya usukani. Hakuna kosa hata moja! Usidanganyike na jibu hilo. Lugha ya kawaida ya skana hizi inahusu injini zaidi, na joto la oili ya CVT haimo. Unahitaji programu ya simu inayojua namba za Nissan zenyewe. Nikaipata, tukapakia ndizi, mjomba akaendesha, mimi nikakodolea simu macho. Kwenye tambarare nyuzi 85. Baada ya Kamukuywa 100, kisha 112, na papo hapo injini ikarudi chini. Kompyuta ilikuwa ikifanya kazi yake sawasawa.

Fundi wa jua kali wa Tuwan alipoona namba hizo hakugusa giaboksi kwanza. Aliinama mbele ya redieta akachomoa matope makavu na mbegu za nyasi, konzi kwa konzi. Kisha akamwaga oili. Nyeusi, yenye harufu ya kuungua. Ukifungua bolti haitoki yote, kwa hivyo alibadilisha mara mbili: lita 8 kwa Sh11,000, chujio Sh2,800. Na kwa kuwa gari lilikuwa juu, akatuonyesha magonjwa mengine ya umri wake: bushi za mikono ya chini zimepasuka (Sh2,400), na linki mbili za stabilaiza zinazogonga kila shimo (Sh3,000). Ufundi Sh4,500. Jumla Sh23,700.

Tangu siku hiyo amekwenda Chwele mara tatu, na joto la juu kabisa limekuwa nyuzi 97. Ila kuna jambo silipendi. Sumaku zilizo ndani ya karai la giaboksi zilikuwa na unga wa chuma mwingi kuliko fundi alivyotaka kuona, na ukitega sikio unasikia mlio mwembamba gari likiondoka. Nilimwambia mjomba wazi kwamba huenda mkanda umeshalika, na oili mpya haurudishi chuma. Ng'ombe yuko zizini. Mjomba ameanza kuweka Sh2,000 kila wiki. Skana nimemwachia, na kila akirudi kutoka Chwele ananitumia picha ya kioo cha simu.