Darasa Lisilo na Kuta

Mhadhiri wa historia ya sanaa ni mtu wa njiani. Leo yuko chuo hiki, kesho kile, mkoba wa picha begani. Lakini iko kazi moja isiyoingia mkobani, nayo ndiyo iliyonifanya nifuatane na mhadhiri mmoja na wanafunzi wake kutoka Dodoma mjini hadi Kolo, wilayani Kondoa, yapata kilomita 180 kaskazini.

Basi lilituacha Kolo, tukapanda mlima kwa miguu katika jua kali la kiangazi. Juu, chini ya jabali lililoinama mithili ya paa la nyumba, tulikuta watu warefu wembamba, twiga na pofu, wote wamechorwa kwa ngeu nyekundu. Wataalamu wengi huihusisha kazi hiyo na wawindaji wa kale, jamaa za Wasandawe na Wahadzabe. Michoro myeupe ni ya wakulima waliokuja baadaye.

Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walikuja kuinakili michoro hii, na kitabu cha Mary kikatoka mwaka 1983. Katika kundi moja la watu, Mary aliona mwanamke anayegombewa, akivutwa huku na huku. Wengine baadaye wakaona ngoma ya waganga. Mhadhiri aliwauliza wanafunzi wake nani mkweli, wakabishana hadi jua likapinda.

Palipo na Mungomi wa Kolo ubishi ulikuwa mwingine. Wenyeji hutambika hapo hata leo, wakiomba mvua na afya, na pombe ya tambiko huweza kurukia michoro. Mwanafunzi mmoja alisema tambiko lipigwe marufuku. Mzee Mrangi aliyetuongoza hakukasirika. Alituonyesha shimo lililochimbwa na watafuta hazina ya Wajerumani, kisha akamuuliza kijana: "Mjukuu wangu, hawa nao walikuja kutambika?"

Kijana aliinamisha kichwa. Mhadhiri akaeleza kwamba UNESCO, ilipoitia michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, iliyatambua pia matambiko hayo kuwa urithi ulio hai. Hata hivyo, alikiri, pombe ni pombe na rangi ni rangi. Lazima wataalamu na wazee waketi pamoja.

Tulipokuwa tukishuka, nilimwona mhadhiri akitembea nyuma ya mzee, daftari mkononi, akiandika. Siku hiyo mwanafunzi alikuwa yeye.