Kegi Haikuwa Mbovu

Nilimchafulia mwenzangu jina mbele za watu, na kosa lilikuwa langu. Yeye ndiye aliyeniuzia kegi, regyuleta na mpira wa kutolea bia nilipoanza kupika bia nyumbani hapa Minneapolis. Alinipa kwa bei ya undugu. Siku ya ubatizo wa mtoto wetu kila glasi niliyomimina ilijaa povu, bia ikabaki vidole viwili chini. Wageni walikuwa wanasubiri. Nikasema kwa sauti kwamba nimeuziwa vitu vibovu, na aliyeniuzia alikuwa amesimama palepale.

Hakunijibu kwa hasira. Aliuliza tu, "Kaka, mpira wako una futi ngapi?"

Sikumjibu, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Aliponikabidhi vifaa, mpira ulikuwa wa futi 10, mwembamba, tundu lake inchi 3/16, yaani karibu milimita 5. Ulijikunja juu ya kegi kila nilipofungua friji, nami nikauona uchafu. Nikaukata, nikabakiza futi 3. Nilifanya hivyo bila kumwuliza mtu.

Hapa Marekani wapikaji wa nyumbani ni wengi tangu Rais Jimmy Carter alipotia saini mwaka 1978 sheria iliyowaondolea kodi ya serikali kuu kwa bia ya matumizi yao. Wengi wetu tunatumia kegi za galoni 5, kama lita 19, ambazo kampuni za soda zilizitumia zamani kabla ya kuhamia mifuko ya ndani ya boksi. Ni vyombo vigumu. Kuvilaumu ni rahisi kwa mtu asiyetaka kujilaumu.

Bia iliyopoa hadi nyuzi 3 za Selsiasi, ikikaa chini ya presha ya paundi 12 hivi kwa inchi ya mraba, hushika gesi nyingi: kila lita ya bia hubeba takriban lita 2.5 za kabonidayoksaidi iliyoyeyuka ndani yake. Gesi hiyo hutulia kwa sababu imebanwa. Mpira mrefu na mwembamba hupunguza nguvu kidogo kidogo njiani, kwa msuguano, hadi bia inafika kwenye koki ikiwa imepungua kasi. Ukiukata, bia inatoka kwa kishindo, presha inaanguka ghafla mdomoni mwa koki, na gesi yote inataka kutoka kwa pamoja. Hilo ndilo povu. Kegi haihusiki.

Nami niliongeza kosa juu ya kosa. Baada ya wageni kuondoka nilishusha geji ya regyuleta mpaka paundi 5, nikiamini presha ndogo italeta povu dogo. Kwa muda mfupi nilidhani nimepata dawa. Kisha nikaona mapovu yamejipanga ndani ya mpira wenyewe: presha haikutosha tena kuibana gesi, ikawa inajitenga na bia kabla haijafika kwenye koki. Glasi zilizofuata zilikuwa povu juu, na chini bia iliyopooza, isiyochangamsha ulimi. Nikafungua koki nusu ili bia itoke taratibu. Hilo nalo huzidisha povu, maana bia inapita kwenye upenyo mwembamba na kuvurugika. Koki hufunguliwa yote.

Dalili ilikuwa wazi muda wote. Povu likitokea kwenye glasi ya kwanza tu kisha likatulia, koki ndiyo yenye joto, kwa kuwa iko nje ya ubaridi wa friji. Langu lilitokea glasi ya kwanza, ya pili, ya mwisho. Mtu aliyetaka ukweli angechukua futi ya fundi akapima. Mimi nilitaka mtu wa kumlaumu.

Hatimaye nilinunua mpira mpya wa futi 10, nikarudisha geji kwenye paundi 12, nikaiacha kegi itulie kwenye baridi siku kadhaa ili gesi irudi ndani ya bia. Glasi ikatoka na povu la vidole viwili, bia safi chini yake. Kegi ni ileile. Regyuleta ni ileile.

Nilikwenda kwake nikamwomba radhi, naye akanikaribisha chai. Lakini nilimsema hadharani, na radhi ya sebuleni haitoshi. Najua wapo waliokuwa wameshaagiza vifaa kwake wakaghairi baada ya kunisikia. Kwenu ninyi nasema: vifaa vyake ni vizima, aliyeviharibu ni mimi kwa kisu changu, na nililijua hilo nilipokuwa nasema. Tafadhali rudini kwake mkanunue.