Ghorofa Mpya, Kuta Kongwe

Ukiwa mgeni katika Mji Mkongwe wa Lamu, utashangazwa na wembamba wa vyumba. Si uchoyo wa mwenye nyumba, la. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, ile miti ya mikoko inayobeba dari, na kwa kawaida haupiti mita 3 hivi.

Nyumba hizi zilijengwa zikikua. Binti alipokaribia kuolewa, wazazi waliweza kumwongezea ghorofa juu ya yao. Nyumba za jamaa nazo ziliunganishwa kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Basi anayeongeza ghorofa leo havunji mila. Swali ni, ajenge kwa nini?

Kuta kongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupumua, unyevu ukiingia, hutoka. Saruji huufungia unyevu ndani pamoja na chumvi, ukuta ukaanza kumomonyoka. Zege nayo ni mzigo mzito kwa kuta hizo. Paa la makuti juu ya nguzo za miti ni jepesi na hupitisha upepo, mradi moto uangaliwe.

UNESCO iliutambua mji huu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini cheti hakizuii ukuta kuanguka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Lamu, hata ukiuziba ufa huo kwa saruji, ukuta utaujenga vile vile.