Daftari la Seneta Wetu

Nyumbani kwetu, hapa Pwani ya Kenya, pana daftari la seneta. Kila nipatapo Hansadi, taarifa rasmi ya mijadala ya Seneti, mimi na binti yangu hunakili mambo matatu: amesema lini, amesema nini, na amepigaje kura.

Wako wanaoniambia kwamba hotuba haziteki maji. Ni kweli, lakini kura ina uzito wake. Ibara ya 123 ya Katiba ya mwaka 2010 imeipa kila kaunti kura moja katika mambo yanayozihusu kaunti. Hupigwa na seneta aliyechaguliwa, au mjumbe amteuaye asipokuwapo. Jambo halipiti ila liungwe mkono na wingi wa kaunti zote 47, yaani 24. Kwa hivyo kiti kitupu hakipungui uzito: huhesabika pamoja na wanaokataa.

Binti yangu aliuliza, “Baba, akinyamaza tuandike nini?” Nikamjibu, “Andika tarehe, uache nafasi.”

Ndugu msomaji, uongozi ni amana, na amana huulizwa. Hansadi i wazi kwa kila mwananchi. Waketishe wanao, mlitafute humo jina la seneta wenu.